Sauti ya Bruce Lee

Wengi humkumbuka Bruce Lee kwa mateke yake. Sisi walimu wa lugha yatupasa kuulizia pia sauti yake. Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, babaye akiwa mwimbaji wa opera ya Kikantoni, akakulia Hong Kong na kuigiza tangu utotoni. Televisheni ya Marekani ilimpa nafasi ya Kato, mtumishi mwenye ngumi nyingi na maneno machache (1966–1967). Akarejea Hong Kong. Filamu ya The Big Boss (1971) ilimletea sifa kuu, lakini, ajabu kwetu, Kimandarini kinachosikika humo ni cha mtu mwingine, kwani sauti zilitiwa baadaye. Katika Enter the Dragon alisema Kiingereza kwa kinywa chake mwenyewe. Filamu hiyo ilitoka Agosti 1973. Yeye alikuwa amefariki tarehe 20 Julai.