Hekalu, sanamu na umbo lililojidhihirisha

hekalu nm (li-/ya-), wingi mahekalu. Jengo la ibada la Wahindu, Wabudha au Wayahudi wa kale. Asili yake ni Kiarabu: haykal. Wasomaji wengi hulipata kwanza katika Biblia, panapotajwa hekalu la Yerusalemu, hekalu lisilokuwa na umbo la Mungu ndani yake. La Kihindu ni kinyume: ni makao ya mungu kwanza, ndipo likawa mahali pa waumini kukutania.

Kwa kawaida umbo lililomo huchongwa na fundi, kisha hufanyiwa ibada ya kulitia uhai. Hilo laweza kuitwa sanamu. Lakini yako maumbo ambayo waumini huyaita kwa Kisanskriti svayambhu, yaani yaliyojiumba yenyewe: mawe meusi ya shaligrama yaokotwayo katika mto Gandaki, Nepal, yenye visukuku vya viumbe wa bahari ya kale, au nguzo ya barafu katika pango la Amarnath, Kashmir. Hapo umbo hutangulia, hekalu likalifuata. Mfasiri anayeandika "sanamu" amesema kinyume cha anachosema muumini, kwa kuwa sanamu ina mkono wa mtu ndani yake. Afadhali: umbo lililojidhihirisha.

Mtu wa Ipuli, Tabora, huenda akashawishika kuandika mzimu. Unyamwezini watu walijenga vibanda vidogo vya kuwatolea wahenga sadaka, na katika Kiswahili cha pwani mzimu si roho tu bali pia mahali penyewe, penye pango au mbuyu. Mlingano huo una mvuto, nao unaishia hapo: mzimu ni wa wafu, shaligrama si ya mfu yeyote. Kuzuka nako kunakaribia, ila huzaa mzuka, na mzuka hutisha.

Tahadhari nyingine ni Mhindi na Mhindu. La kwanza hutaja asili ya mtu, la pili dini yake. Mfanyabiashara Musa Mzuri, aliyekuwa na makao Kazeh (ndiyo Tabora) Burton alipofika mwaka 1857, alikuwa Mhindi kutoka Surat, lakini hakuwa Mhindu. Alikuwa Khoja, Mwislamu. Wahindu wa Unguja wa zama hizo waliitwa Mabaniani, kutokana na jina la Kigujarati la tabaka la wafanyabiashara. Fedha zao zilifika Unyanyembe pamoja na misafara, wenyewe wakibaki pwani kwa sehemu kubwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku chache.

Baniani limo bado katika methali "Baniani mbaya, kiatu chake dawa". Nje ya methali na historia lina harufu ya dharau, andika Mhindu.

Mfano: Wahindu wa Unguja wana hekalu lao katika mtaa wa Hurumzi.