Uchaguzi wa kebo za umeme wa majumbani

Kebo ya umeme wa majumbani ni waya wa shaba, mmoja au zaidi, uliofunikwa kwa kihami cha PVC, unaopeleka umeme kutoka kwenye bodi ya breka hadi kwenye taa, soketi na vyombo vingine. Ukubwa wake hutajwa kwa eneo la mkato wa shaba: milimita za mraba 1.5, 2.5, 4, 6, 10, 16 na kuendelea. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huweka 1.5 kwenye taa na 2.5 kwenye soketi, na mara nyingi mazoea hayo hayaleti madhara. Hata hivyo, ukubwa unaofaa hauwezi kujulikana kwa kuitazama kebo dukani. Hutokana na mzigo, breka, joto la mahali na urefu wa njia, na kebo inayotosha kabisa ukutani yaweza kuwa ya hatari ikipitishwa juu ya dari.

Asili ya kanuni

Kanuni za kwanza za Uingereza za kufunga umeme zilitolewa mwaka 1882, zikilenga kuzuia moto uliotokana na taa za umeme. Kizazi chake cha leo ni kiwango cha Uingereza cha BS 7671, kinachofuatwa sana Tanzania na Kenya.

Ukubwa wa kebo

Msingi wa kanuni ni mfupi: mkondo wa mzigo usizidi kiwango cha breka, na kiwango cha breka kisizidi uwezo wa kebo kama ilivyolazwa. Maneno ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa. Majedwali ya BS 7671 huipa kebo ya 4 yenye kihami cha PVC, ikiwa ndani ya paipu ukutani, uwezo wa ampea 32, kwa hiyo saketi ya soketi za jikoni yenye breka ya 32 huonekana imekamilika. Lakini tarakimu hiyo ni ya hewa yenye nyuzi joto 30. Chini ya mabati, Dar es Salaam au Mombasa, mchana wa jua kali hewa ya darini hufika 40 na zaidi, na kwa 40 uwezo huzidishwa kwa 0.87: hubaki ampea 28 hivi, chini ya breka yenyewe. Kebo ya 6, yenye uwezo wa 41 kwenye jedwali, hubaki na karibu 36 na inafaa. Saketi nyingine yenye mzigo ikipitishwa katika paipu hilohilo, uwezo huzidishwa tena kwa 0.80, nayo 6 ikashindwa.

Urefu nao una hesabu yake. Upungufu wa volti usizidi asilimia 3 kwa taa na 5 kwa matumizi mengine, yaani volti 11.5 kwa umeme wa volti 230. Banda la uani lililo mita 50 kutoka kwenye bodi, likitumia ampea 20 kupitia kebo ya 2.5, hupoteza volti 18. Kwa kebo ya 4 hupoteza 11.

Husemwa kwamba breka italinda. Italinda ikiwa tu kiwango chake hakizidi uwezo wa kebo. Kikizidi, kihami hupata joto kupita nyuzi 70 zilizowekewa PVC, kikakakamaa na kupasuka, huku breka imetulia. Husemwa pia kwamba shaba ni ghali na vyombo haviwashwi vyote pamoja. Hoja hii ya pili ina ukweli, na kanuni zenyewe huruhusu kukadiria matumizi ya pamoja, mradi makadirio yafanywe kabla ya kununua waya. Ya gharama ni dhaifu zaidi, kwa kuwa kubadilisha waya uliokwisha kupigwa plasta hudai kubomoa ukuta.



Hali ya sasa

Leseni za mafundi hutolewa na mamlaka za udhibiti wa nishati: EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya. Ubora wa kebo husimamiwa na mashirika ya viwango ya nchi hizo, TBS na KEBS. Sokoni zimo pia nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba, ambazo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu. Mwenye nyumba na amtake fundi aandike mzigo, breka, urefu na njia ya kila saketi kabla waya haujanunuliwa.