Sauti ya Mississippi, santuri za Johannesburg

Mwaka 1950, huko Kapkatet, magharibi mwa Kenya, wasichana wa Kikipsigis waliimba mbele ya kipaza sauti cha mgeni aliyetoka Johannesburg. Wimbo wao ulimtaja kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha.

Mgeni huyo alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki wa wenyeji kwa udhamini wa kampuni ya santuri ya Gallo. Katika maelezo yake aliandika kwamba Chemirocha hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, na kwamba wasichana wale walimdhania kuwa nusu mtu, nusu swala.

Rodgers hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi ya reli kusini mwa Marekani, na santuri zake za kwanza alizirekodi mwaka 1927. Kifua kikuu kilipomuua mwaka 1933 alikuwa amekwisha kurekodi nyimbo zaidi ya 100. Hadi leo anaitwa baba wa muziki wa kantri.

Je, sauti ya mtu huyo ilifikaje katika vilima vya Wakipsigis, na kuendelea kutajwa miaka 17 baada ya kifo chake?

Jibu ni gramafoni. Chombo hicho kilizungushwa kwa mkono, hakikuhitaji umeme, na hakikumtaka msikilizaji ajue kusoma wala kufahamu Kiingereza. Mlio wa gitaa na ile sauti ya Rodgers iliyopanda na kushuka ghafla vilijitosheleza.

Kusini mwa bara, Johannesburg ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara hiyo. Eric Gallo alifungua duka lake la santuri mjini humo mwaka 1926, na katika miaka ya 1930 kampuni yake ilikuwa na studio yake yenyewe. Wachimba migodi waliokuja kutoka nchi jirani walinunua magitaa na gramafoni, na mikataba yao ilipokwisha walirudi navyo makwao.

Safari hiyo haikuwa ya upande mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Tracey alimrekodi George Sibanda, mpiga gitaa wa Bulawayo. Wimbo wake wa Guabi Guabi ulivuka bahari, na mwaka 1964 Ramblin' Jack Elliott, Mmarekani aliyesifika kwa nyimbo za wachunga ng'ombe, akautia katika santuri yake. Kilichokuja Afrika kikiwa kigeni kilirudi Marekani na sura ya Kiafrika.

Hata hivyo, mizani haikuwa sawa. Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, magharibi mwa Johannesburg. Alifariki dunia mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji unaoitwa sasa Makhanda. Maelfu ya nyimbo yalihifadhiwa humo, lakini mbali mno na waliozitunga. Mkipsigis aliweza kumsikia Rodgers kijijini kwake. Kuisikia sauti ya mama yake mwenyewe lilikuwa jambo gumu zaidi.

Hata habari ya nusu mtu, nusu swala imetufikia kwa kalamu ya mrekodi. Wasichana waliouimba wimbo huo hawakuachiwa nafasi ya kuandika walichokusudia.

Katikati ya miaka ya 2010, maktaba hiyo ikishirikiana na wadau wa muziki nchini Kenya ilianza kuzirudisha rekodi hizo kwa wenyewe. Huko Kapkatet walipatikana wazee waliokuwapo siku ile ya mwaka 1950. Baada ya zaidi ya miaka 60, walikaa kuzisikiliza sauti za ujana wao.