Maneno ya Sheria na Utu wa Wagonjwa wa Akili Nchini Uganda

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, bendera ilibadilika lakini lugha ya sheria ilibaki ya mkoloni. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kilikusudiwa kuwalinda wanawake wenye ulemavu wa akili dhidi ya wabakaji, ila kiliwaita kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya punguani na zuzu. Kiliwalinda huku kikiwatukana. Aidha, mshtakiwa aliyeonekana kuwa mgonjwa wa akili aliweza kuwekwa kizuizini bila kikomo, akisubiri amri ya waziri.

Mwaka 2011 CEHURD, shirika linalotetea haki ya afya, lilipeleka suala hilo katika Mahakama ya Katiba. Mwaka 2015 mahakama iliamua kwamba maneno hayo yanavunja utu na kizuizi hicho kinakiuka katiba. Mwaka 2018 sheria mpya ya afya ya akili ilichukua nafasi ya ile ya 1964.

Wapo wanaouliza: hukumu hiyo imejenga wodi ngapi? Hakuna. Lakini mtu anayeitwa zuzu na dola yenyewe, nani atamsikiliza akidai wodi?