Hukwe Zawose: Mwalimu wa Ilimba na Zeze Katika Njia ya Kale ya Misafara

Njia ya kale ya misafara iliyounganisha Pwani ya Bahari ya Hindi na Ziwa Tanganyika ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nyanda kame za Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo inayopendekeza kuwa Urithi wa Dunia chini ya UNESCO, pamoja na vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara iliyo karibu na Tabora, na Ujiji.

Vituo hivyo hutambulika kwa majengo, makaburi na kumbukumbu nyingine zinazoonekana kwa macho. Muziki wa jamii zilizoishi kando ya njia hiyo hauna jengo. Umehifadhiwa katika vidole, masikio na sauti za watu, na hudumu pale tu anapopatikana mtu wa kuufundisha na mwingine wa kuupokea. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo kwa mafanikio makubwa ni marehemu Hukwe Ubi Zawose, mpigaji, mtengenezaji na mwalimu wa ala za Kigogo.

Ugogo na misafara

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Tabora ikiwa na pembe za ndovu haikuweza kuukwepa Ugogo. Maji yalikuwa haba, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kabla ya kuruhusu misafara kupita na kuteka maji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wenye hazina yao wenyewe ya muziki, ikiwemo ndono, ambayo ni upinde wenye kibuyu, na ngoma ya Manyanga.

Utawala wa kikoloni ulipojenga Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, safari za miguu zilififia. Muziki wa wenyeji uliendelea majumbani, machungani na katika sherehe za jando. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, wakiwemo Wagogo na Wanyamwezi. Kazi hiyo ilihifadhi sauti, lakini haikuweza kuhifadhi mkono unaoitoa sauti hiyo.

Kutoka Doble hadi Bagamoyo

Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doble, mkoani Dodoma. Baadhi ya kumbukumbu hutaja mwaka 1938 na nyingine mwaka 1940. Alikulia katika mazingira ya ufugaji, akajifunza muziki kwa kusikiliza na kuiga wakubwa wake, kama ilivyo desturi ya Wagogo.

Baada ya Uhuru, Serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ikiwa na wajibu wa kurejesha heshima ya sanaa za jadi zilizodharauliwa wakati wa ukoloni. Katika miaka hiyo ya 1960, Rais wa kwanza, Mwalimu Julius Nyerere, alivutiwa na kipaji cha Zawose, naye akaitwa Dar es Salaam kutumika katika sanaa za Taifa. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa wasanii waliohamishia ujuzi wao darasani. Hivyo mtu wa Ugogo akaweka makazi mahali ilipoanzia njia ya misafara, na ukoo wake ukamea huko.

Elimu isiyoandikika kwa urahisi

Ugumu wa kufundisha muziki huu unatokana na ala zenyewe. Ilimba ya Kigogo ina vipande vya chuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao. Baadhi hupigwa kwa vidole gumba. Vingine haviguswi kabisa, bali huitikia vyenyewe vinapotikiswa na sauti ya vyuma jirani. Tundu la sanduku hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo.

Ngazi ya sauti za Kigogo hufuata sauti zinazozaliwa kimaumbile na uzi mmoja unaotetema, wala hailingani na ile ya piano. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayetegemea nota za Kizungu peke yake hupotoka. Hana budi kuketi mbele ya mwalimu, asikilize na kurekebisha kila chuma mpaka sikio likubali.

Zawose alikuwa mtaalamu kwa maana kamili ya neno hilo. Alitengeneza ala zake mwenyewe, akaunda ilimba kubwa zenye vyuma vingi kuliko kawaida na kuongeza nyuzi za zeze. Sauti yake iliweza kushuka chini sana na kupanda juu kabisa ndani ya wimbo mmoja.

Kutambulika duniani

Mwaka 1984 alizuru Uingereza akiwa na wanamuziki wenzake wa Tanzania, na albamu ya Tanzania Yetu ikatolewa London mwaka 1985. Zilifuata Mateso mwaka 1987 na Chibite mwaka 1996. Mwaka 2002 zilitoka Mkuki wa Rocho, pamoja na Assembly aliyoshirikiana na Michael Brook wa Canada. Mwaka huohuo alifungua maonesho ya mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel.

Warithi

Mzee Zawose alifariki dunia tarehe 30 Desemba 2003, miezi miwili tu baada ya UNESCO kupitisha Mkataba wa Kuhifadhi Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Mwaka uliofuata alifariki pia Charles Zawose, ndugu wa ukoo aliyekuwa mshirika wake mkuu jukwaani. Kwa muziki unaotegemea watu, vifo viwili vilivyofuatana kwa karibu hivyo vilikuwa pigo kubwa.

Mnyororo haukukatika. Mwanawe, Msafiri Zawose, alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha. Hatua hiyo ina uzito wa pekee. Kwa desturi, wanawake wa Kigogo ndio wapigaji wa ngoma za muheme, lakini ilimba na uongozi wa uimbaji wa aina hii vilikuwa mikononi mwa wanaume. Leo wanawake wa ukoo huo wanatunga na kuongoza.

Chuo alichokitumikia kimekuwa Wakala wa Serikali tangu mwaka 2007 kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Maisha ya Zawose yanaonesha kwamba rekodi na makumbusho ni msaada tu. Wapigaji wa ndono wa Tabora, kama wenzao wa zeze wa Ugogo, watakuwa na warithi iwapo kijana ataketi mbele ya mzee wakati mzee huyo bado yu hai.