Nembo ya Ukoo wa Shakespeare

Neno nembo kwa asili ni chale za mwilini, ambazo kwazo mtu hujulikana kabila lake. Waingereza wa zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza waliichora nembo ya ukoo katika ngao, wala mtu hakuwa na ruhusa kuitwaa pasipo haki ya urithi, au hati ya wakuu wa nembo waliowekwa na ufalme.

Hapa twaitazama moja, aliyopewa John Shakespeare wa Stratford, mshona glavu za ngozi, babaye mtunga michezo. Hati yake iliandikwa tarehe 20 Oktoba 1596. Ngao ni ya dhahabu. Mshipi mweusi umeikata mshazari, na katika mshipi umelazwa mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Juu yake yupo kipanga mweupe, amekunjua mabawa, ameshika mkuki. Mshona glavu na mkuki wapi na wapi? Maana yake ni jina tu: Shakespeare ni “tikisa mkuki”. Nembo za namna hii hutaja jina kwa picha, mfano wa kitendawili, nasi twazipenda kuliko zile za simba, ambaye kila ukoo humtaka.

Pamoja nayo yaliandikwa maneno ya Kifaransa cha kale, Non Sanz Droict, yaani “Si bila haki”. Katika mswada karani alitia mkato baada ya neno la kwanza, ikawa “Hapana, bila haki”. Akafuta, akaandika upya.

Na kweli walitokea wenye kusema hapana. Mwaka 1602 Ralph Brooke, mmoja wa wakuu wale wale, alishtaki kwamba nembo zapewa watu wasiostahili, na hii aliitia katika hesabu hiyo. Tena yafanana mno na nembo ya Bwana Mauley. Wenzake wakajibu kwamba mkuki ule ni tofauti ya kutosha, na ya kuwa John amekuwa hakimu wa mji, na mkewe ni wa ukoo wa Arden.

Lakini nembo hutakiwa warithi. Hamnet, mwana wa kiume wa pekee wa William, alizikwa tarehe 11 Agosti 1596, umri wake miaka 11, majuma kumi kabla ya hati. Mjukuu wa mwisho wa William, Elizabeth, alifariki mwaka 1670, na uzao wake ukakatika. Ngao ingaliko kanisani Stratford, ukutani, juu ya sanamu ya mtunga michezo.