Haji Aliyepita Sicilia



Mara nyingi tukikumbuka miji ya Waislamu iliyopotea Ulaya huitaja Andalusi, tukaisahau Sicilia, kisiwa kikubwa kilicho kusini ya Italia. Waislamu walianza kukifungua mwaka 827, na mwaka 831 waliuingia mji wa Palermo wakaufanya makao yao makuu. Wakapanda milimau na miwa, wakachimba mifereji ya kunyweshea mashamba. Msafiri Ibn Hawqal alipofika Palermo mwaka 973 aliandika kwamba misikiti yake yapita 300. Kisha wakaja Wanormani. Waliuteka Palermo mwaka 1072, na kufika mwaka 1091 kisiwa chote kilikuwa mikononi mwao.

Basi nataka tufuatane na haji mmoja wa Andalusi, Ibn Jubayr, aliyepita huko miaka 93 baadaye, tutazame aliyoyaona.

Alikuwa amekwisha hiji, anarudi kwao. Mwezi wa Oktoba 1184 alipanda chombo katika bandari ya Akka, majira ya majani kupukutika, kwa kuwa katika bahari ile upepo wa mashariki huvuma siku chache tu wakati huo, na asiyeuwahi hubaki pwani. Wewe uliyelelewa na kaskazi na kusi huna haja ya kuelezwa zaidi. Safari iliyotarajiwa kuwa fupi ikashika karibu miezi miwili. Upepo ukageuka, mlingoti ukakatika, na mwezi wa Desemba, nao ni Ramadhani, chombo kikapanda mwamba mbele ya mji wa Messina. Wenye mashua wakataka ujira mkubwa ndipo wawashushe watu, na Waislamu maskini hawakuwa nao. Mfalme William wa Pili, naye ni Mkristo, alikuwapo mjini siku hiyo, akaamrisha walipiwe, wakaokoka. Wema husemwa hata ukitoka kwa asiye wa dini yako, na Ibn Jubayr hakuuficha.

Huko Palermo alikuta Waislamu wana mitaa yao na misikiti yao, adhana inasikika, kadhi yupo, walimu wa Qurani wapo, na biashara ya masoko imo mikononi mwao. Mfalme mwenyewe akijua kusoma na kuandika Kiarabu. Na ni katika mji huo huo, mwaka 1154, ambapo Sharif al-Idrisi alikamilisha kitabu chake cha habari za nchi za dunia kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili, akaitaja ndani yake Malindi na Mombasa, miji yetu hii.

Mtu akiona hayo angesema: watu hawa wana salama. Lakini haji hakudanganyika. Khutba ya Ijumaa ilikuwa imekatazwa, haisomwi ila siku ya Idi. Watumishi wa kasri ya mfalme walikuwa wakisali kwa kujificha. Na huko Trapani akasikia lililo zito kuliko yote: baba akimkasirikia mwanawe, au mama akimgombeza bintiye, mtoto huweza kutoka mbio akaingia kanisani akabatizwa, na hapo hana tena njia ya kurudi. Wazee wakawa wanaishi na watoto wao kwa hofu. Mtu mmoja mkubwa wa mji alimpeleka mwanawe kwa haji mmoja, amwombe amchukue binti yake, akitaka amwoe mwenyewe, au amwoze amwonaye anafaa, ili mradi atoke katika nchi ile. Baba aliridhia asimwone bintiye tena maisha!

Mwaka 1189 William alikufa, na Waislamu wa Palermo wakashambuliwa, wengi wakakimbilia milimani. Kuanzia miaka ya 1220 Mfalme Frederick wa Pili aliwahamishia Lucera, bara ya Italia. Mwaka 1300 Mfalme Charles wa Pili akauvunja mji wao, watu wakauzwa utumwani. Leo mlangoni mwa kanisa kuu la Palermo ipo nguzo iliyochorwa aya ya Sura ya Al-Aaraf. Jiwe limeihifadhi aya, lakini wajukuu wa waliojenga Palermo ile hawakubaki wa kuisoma.

Ndugu msomaji, sikatai kwamba upanga wa wafalme ulifanya kazi yake. Lakini tazama pia ule mlango wa nyumba, ambao mtoto aliutoka kwa hasira. Mimi nimefundisha chuoni miaka mingi, na nimeona watoto waliokimbia bakora wasirudi tena. Baadhi ya bakora hizo zilikuwa zangu, na Mwenyezi Mungu anisamehe. Mtume wetu (S.A.W.) alisali hali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Je, wewe baada ya Magharibi hukaa na mwanao mkafungua msahafu pamoja, au humpeleka chuoni ukaona wajibu umekwisha? Mtoto anayeipenda nyumba yake, akikasirika atazunguka mtaani, na usiku ukiingia atarudi.

Wabillahi tawfiq.